Jinsi ya Kutambua Okidi Adimu za Kitulo Bila Kuzing'oa

Ukiwa Chimala, kando ya barabara kuu ya Mbeya, bado uko kwenye joto la bondeni. Njia ya kwenda Matamba inaanzia hapo na kupanda ukingo wa milima kwa kona 57. Wenyeji walishazihesabu, na barabara yenyewe wanaiita hivyo hivyo: Hamsini na Saba. Chini ulifungua vifungo vya shati, juu unatafuta koti. Kutoka Matamba unazidi kupanda hadi miti inakwisha, na mbele yako yanabaki majani mafupi tu yaliyolala juu ya vilima, kama mita 2,600 kutoka usawa wa bahari. Ndio uwanda wa Kitulo. Kuanzia Desemba hadi Aprili, mvua ikiwa imekolea, uwanda huo unachanua kiasi kwamba watu wa huko wanauita Bustani ya Mungu, na mimi sijapata jina linaloufaa zaidi.

Hifadhi ya Taifa ya Kitulo ilitangazwa rasmi mwaka 2005. Ina ukubwa wa kilomita za mraba 413 hivi, na ndiyo hifadhi ya kwanza katika Afrika ya tropiki kutengwa hasa kwa sababu ya mimea yake. Kuna aina 350 za mimea na zaidi, na kati ya hizo 45 ni okidi za ardhini. Nasema za ardhini kwa makusudi, maana wengi wakisikia okidi wanafikiria yale maua yanayoning'inia kwenye matawi ya miti au yanayouzwa kwenye vyungu mjini. Za Kitulo zinaota udongoni katikati ya nyasi. Nyingine ni fupi kuliko kiganja, na nyingine zinakufika kiunoni.

Kila msimu watu hunitumia picha na swali moja: "Hili ni ua gani?" Picha imepigwa kutoka juu mtu akiwa amesimama, inaonyesha doa la rangi ya waridi na nyasi nyingi. Siwezi kujibu, na hakuna mtaalamu atakayeweza. Rangi ndiyo kitu cha kwanza kuonekana na ndiyo inayodanganya kuliko vyote: spishi moja inaweza kuwa na mimea ya waridi na mingine karibu nyeupe kwenye bonde lile lile, na spishi tatu zisizo na undugu wa karibu zinaweza kuwa na waridi ile ile. Okidi inatambulika kwa umbo. Ukijua pa kutazama, utafika kwenye jenasi, yaani kundi la spishi zenye undugu wa karibu, ndani ya dakika tano ukiwa umepiga magoti palepale, na mmea utauacha ulivyokuwa.

Kwanza, kwa nini usichimbe

Kuna siku nilikuwa pembezoni mwa shamba la viazi, nje kabisa ya mpaka wa hifadhi, nikakutana na mama mmoja mwenye jembe dogo na kapu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Unatafuta nini kwenye maji huko?"

"Natafuta maua tu, mama."

"Maua! Na baridi hii?" Akacheka, kisha akanionyesha kapu. Ndani mlikuwa na viazi vidogo vyenye udongo, vikubwa kidogo kuliko kidole gumba. Akachukua viwili vilivyokuwa vimeshikana kwenye shina moja. Kimoja kilikuwa kimesinyaa na kulegea, cha pili kigumu na cheupe kidogo. "Hiki kizee, hakina kitu. Hiki kipya ndicho wanachokitaka."

Alichokuwa ameshika ni maisha yote ya okidi ya ardhini. Okidi kama Disa, Satyrium na Habenaria kwa kawaida huwa na viazi viwili wakati wa maua. Cha zamani kimetumika kulisha shina la mwaka huu, ndiyo maana kimesinyaa. Kipya kinajaza akiba ya shina la mwaka ujao. Ukiondoa kipya, mmea huo hautarudi. Viazi hivyo ndivyo chikanda: vinakaushwa, vinasagwa, vinapikwa pamoja na unga wa karanga, magadi na pilipili mpaka vishikane kama mkate mzito unaokatwa vipande. Ni chakula kinachopendwa sana Zambia, na kwa miaka mingi viazi vya okidi vimekuwa vikichimbwa katika nyanda za juu kusini mwa Tanzania na kuvushwa mpaka kwa mamilioni. Simlaumu mama yule, ana watoto wa kusomesha. Ila wewe unayetaka kujua jina la ua huna sababu hata moja ya kugusa kilicho chini ya udongo. Kila kinachohitajika kuitambua okidi kiko juu. Ndani ya hifadhi, kuchuma au kuchimba bila kibali ni kosa kisheria. Nje ya hifadhi nako, okidi zote ziko kwenye orodha za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, kwa hiyo hata kuvusha mmea mmoja mpaka kunahitaji karatasi zake.

Hatua ya 1: Fika kwa wakati, na usome mahali kabla ya kusoma ua

Usiende Agosti ukitegemea okidi. Wakati huo ni kiangazi, majani yamekauka, kuna baridi kali ya usiku, na okidi zimelala ardhini kama viazi. Mvua zikianza Novemba zinaanza kuchipua, na kuanzia Desemba zinapokezana: zilizochanua Januari si zote utakazozikuta Machi. Ndiyo maana anayekwenda mara moja kwa mwaka huona sehemu ndogo tu. Kama una nafasi ya safari mbili, ziachanishe kwa wiki sita.

Asubuhi ni bora kuliko mchana. Ukungu hupanda na kushuka, na mara nyingi mvua hunyesha mchana. Vaa viatu vya mpira au buti zisizoingiza maji, kwa sababu utapiga magoti penye maji na utapiga tena. Beba daftari, penseli (wino hutawanyika kwenye unyevu), rula ndogo yenye milimita, na lenzi ya mkono inayokuza mara 10. Lenzi hiyo ikikushinda kupata, geuza darubini yako ya kutazamia ndege uiangalie kwa upande wa nyuma ukiwa umelisogelea ua kabisa. Inakuza vizuri tu.

Kabla hujainama, andika mahali. Je, ni kinamasi ambapo maji yanatoka ukikanyaga? Ni mteremko mkavu wenye mawe? Ni ukingo wa kijito, au ni karibu na mpaka wa msitu? Andika na mwinuko kama simu yako inaonyesha. Maelezo haya hayana mvuto, lakini mara nyingi spishi mbili zinazofanana kama mapacha zimegawana makazi: moja haiachi maji, nyingine haiyagusi.

Kisha tazama unapoweka mguu. Ukiona okidi moja iliyochanua, pembeni yake huenda kuna tano changa zisizo na maua, majani mawili tu kwenye nyasi. Zunguka, usipite katikati.

Hatua ya 2: Hakikisha ni okidi

Hapa ndipo wengi wanateleza, kwa kuwa Kitulo ina maua mengine mazuri yanayoweza kukuvuta. Kniphofia, yale masuke marefu ya rangi ya njano na chungwa yanayosimama kama mienge, si okidi. Gladiolus si okidi, wala Moraea. Njia ya haraka ya kuzitenga ni kutafuta stameni, vile vijiti vyenye unga wa chavua kichwani. Kniphofia ina stameni sita. Gladiolus na Moraea, ambazo ni za familia ya iris, zina tatu. Okidi haina stameni hata moja iliyo huru. Sehemu ya kiume na ya kike zimeungana kuwa kitu kimoja kifupi na kinene katikati ya ua, kinachoitwa nguzo, na chavua haimwagiki kama unga: imefungwa katika vifurushi viwili vidogo, mara nyingi vya njano. Ukimwona nyuki au nondo ana vitu viwili vya njano vimemganda usoni kama pembe, ametoka kwenye okidi.

Mimea mitatu mingine inastahili tahadhari kwa kuwa maua yake yana upande wa juu na wa chini kama ya okidi. Impatiens ina mkia mwembamba nyuma ya ua, ila shina lake limejaa maji, majani yana meno pembezoni, na tunda lililoiva hupasuka ukiligusa. Delphinium nayo ina mkia, lakini majani yake yamechanwachanwa kama kiganja na ndani ya ua kuna stameni nyingi. Polygala ina mabawa mawili ya pembeni yanayoshawishi macho, ila chini utaona kishada kidogo kama brashi.

Kisha tazama majani. Ya okidi yana mishipa inayokwenda sambamba kutoka chini hadi nchani, hayana meno, na yanalishika shina kama ala. Ukiona mishipa iliyofumwa kama wavu, rudi nyuma.

Hatua ya 3: Tafuta mdomo, kofia na mkia

Hii ndiyo hatua yenyewe. Ukiwa na haraka, ruka nyingine zote lakini usiruke hii.

Ua la okidi lina vipande sita: sepali tatu za nje na petali tatu za ndani. Petali moja haifanani na wenzake. Ni pana zaidi, au imechanika, au imekunjwa, au ina rangi nyingine. Huo ndio mdomo, kituo cha mdudu. Kwenye okidi nyingi mdomo uko chini, na una hadithi yake: ua likiwa bado tumba, mdomo uko juu, halafu kikonyo chake hujisokota nusu duara na kuugeuza. Piga magoti, utazame ovari, ile sehemu nene iliyo nyuma ya ua inayoliunganisha na shina. Ukiona mistari yake imezunguka kama kamba iliyosokotwa, ua limejigeuza. Ukiona mistari imenyooka, halikujigeuza. Mtu akishaionyeshwa alama hii mara moja, haipotei tena machoni.

Sasa tafuta mkia. Namaanisha mrija mwembamba uliozibwa mwisho, unaotoka kwenye kipande kimojawapo cha ua na kuning'inia au kusimama nyuma. Mara nyingi ndimo nekta, yale maji matamu ya ua, inamokaa. Jiulize maswali mawili: mikia ni mingapi, na inatoka wapi?

Mkia mmoja unaotoka kwenye kofia iliyo juu ya ua, na mdomo mwembamba kama ulimi au kamba uko chini: ni *Disa*. Kofia hiyo ni sepali ya juu iliyovimba. Kwenye Disa mdomo hauvutii hata kidogo, uzuri wote uko kwenye sepali, na petali mbili za pembeni mara nyingi zimejificha ndani ya kofia. Kitulo na milima jirani ni nchi ya Disa. Moja wapo, *Disa ukingensis*, inabeba jina la Ukinga, nchi ya Wakinga wa Makete.

Mikia miwili inayoning'inia sambamba nyuma ya kofia, na ovari isiyosokotwa: ni *Satyrium*. Hapa kofia ni mdomo wenyewe, uliobaki juu kwa sababu ua halikujigeuza. Ukilitazama ua kwa mbele unaona tundu, kama mtu aliyejifunika kanga kichwani. Wageni wengi wanaichanganya na Disa kwa sababu ya kofia. Hesabu mikia na mchanganyiko unakwisha. Uwe mwangalifu kidogo: kuna Satyrium ambazo mikia yake ni mifupi sana, vifuko tu, kwa hiyo tumia lenzi kabla ya kusema hakuna.

Mkia mmoja unaotoka chini, pale mdomo unapoanzia, na mdomo umegawanyika vipande vitatu: ni *Habenaria*. Mara nyingi hata petali za pembeni zimepasuka mara mbili, kwa hiyo ua linaonekana lina vidole vingi kuliko haki yake. Rangi ni kijani au nyeupe, ndiyo maana watu huzipita bila kuziona. Kama ni nyeupe na mkia wake ni mrefu, rudi jioni ukanuse. Ua lisilo na harufu mchana linaweza kunukia sana giza likiingia, kwa sababu linamwita nondo mwenye ulimi mrefu unaofika mwisho wa mrija. Harufu na saa yake viandike pia.

Makundi mengine utayakuta mara chache zaidi. *Brachycorythis* kwa kawaida haina mkia. Ina majani mengi yaliyopandana kwenye shina na kupungua taratibu hadi kuwa vijani vya kati ya maua, na sehemu ya nyuma ya mdomo imebonyea kama mtumbwi. *Eulophia* ina matuta au vinundu vinavyopita katikati ya mdomo, na majani yake mara nyingi yanatokea pembeni ya suke, wala si kwenye shina lenye maua. *Disperis* ni ndogo, ina ua moja au machache, na kila sepali ya pembeni ina kifuko kidogo kama chunusi. Mtu mwenye haraka anaihesabu kuwa Satyrium. Na *Holothrix* ina manyoya, majani yamelala chini kabisa juu ya udongo, na petali zake zina vidole vyembamba. Unaipita mara kumi kabla ya kuiona.

Hatua ya 4: Shuka hadi kwenye udongo, ila usiuguse

Ukishajua jenasi, ua limekupa karibu yote liliyonayo, na ni zamu ya majani. Tenganisha nyasi kwa vidole polepole mpaka uone shina linapotoka ardhini. Unatafuta jambo moja: majani makubwa yako kwenye shina lenye maua, au kuna chipukizi jingine pembeni lenye majani bila maua? Disa nyingi za kwetu zina chipukizi hilo la pembeni, na asiyejua hudhani ni mmea mwingine. Hesabu majani. Yamesimama, yameinama, au yamelala chini kama sahani? Yana madoa? Bado mabichi, au yameshaanza kukauka ua linapofunguka?

Kisha tazama kijani, yaani jani dogo, kilicho chini ya kila ua kwenye suke. Je, ni kirefu kuliko ua au kifupi? Kimesimama, au kimegeuka kutazama chini? Kwenye Satyrium swali hili la mwisho lina uzito. Vijani vya spishi nyingi huinama ua likifunguka, na kiasi chake cha kuinama kimeandikwa kwenye maelezo ya spishi.

Hatua ya 5: Pima

Pima kwa milimita, na usikadirie kwa macho. Urefu wa mmea wote, urefu wa suke, idadi ya maua, urefu wa ovari, na urefu wa mkia kutoka unapotoka hadi nchani. Pima maua matatu ya katikati ya suke, si la chini kabisa ambalo limeshachoka wala la juu ambalo halijakomaa. Vitabu vya kutambulia mimea vinapenda kuuliza kama mkia unaizidi ovari au haufiki, na jibu hilo ukilikosa porini hutalipata nyumbani kwenye picha.

Nichukue mmea mmoja kama mfano. Uko penye maji, mguu ukikanyaga unazama. Shina ni nene na limejaa, unaweza kulisikia hilo hata kwa kuligusa kidogo. Suke limesongamana maua ya waridi. Kila ua lina kofia, ovari imenyooka, mikia miwili nyuma. Majani makubwa yako kwenye shina lile lile la maua, upande wa chini. Kufikia hapo umeshajua ni Satyrium, na ile hali ya shina nene penye maji inakusogeza kwa *Satyrium crassicaule*, okidi ya milima mingi ya Afrika Mashariki. Jina lenyewe ni Kilatini cha "shina nene". Si adimu. Na ndiyo maana nimeichagua: mtu hawezi kuitambua adimu kabla hajazijua za kawaida kama anavyowajua majirani zake. Zijue vizuri Satyrium mbili na Habenaria moja za kawaida. Siku ukikutana na kitu ambacho mikia yake ni miwili lakini hakifanani na chochote ulichozoea, moyo wako utakwambia, na vipimo vitathibitisha.

Hatua ya 6: Piga picha saba

Picha moja nzuri haitoshi. Ninazozihitaji ni hizi: mmea mzima na mazingira yake, majani na shina linapotoka ardhini, suke zima kwa pembeni, ua moja kwa mbele, ua lile lile kwa ubavu ili mkia uonekane wote, ua kwa nyuma ili ovari na kijani chake vionekane, na mwisho karibu kabisa na nguzo. Kwenye picha mbili au tatu weka rula. Usipige kutoka juu. Lala chini mpaka simu iwe sawa na ua. Shika nyuma ya ua kitambaa cheusi au hata upande wa ndani wa koti lako, la sivyo simu itanyakua nyasi za nyuma na kuliacha ua ukungu. Kama jua ni kali, simama kati ya jua na mmea. Kivuli chako kinatuliza rangi.

Rangi iandike kwa maneno papo hapo, kwa sababu simu huibadilisha, hasa zambarau na waridi.

Hatua ya 7: Kutoka jenasi hadi spishi

Programu za simu zinazotaja jina la mmea kutokana na picha zinasaidia kwa mimea iliyopigwa picha nyingi duniani. Okidi ya nyanda za juu kusini haiko kwenye kundi hilo. Programu itakupa jina kwa ujasiri, na jina hilo linaweza kuwa la mmea wa Afrika Kusini ambao haujawahi kuota Tanzania. Ichukue kama tetesi. Rejea ya kweli ya mimea yetu ni Flora ya Afrika Mashariki ya Tropiki, kazi iliyoanza kuchapishwa mwaka 1952 na kukamilika 2012, ikiwa na mimea zaidi ya 12,000 ya Tanzania, Kenya na Uganda. Okidi zake zilitoka katika sehemu tatu. Ndani yake kuna ufunguo: maswali ya mbili mbili, kila jibu linakupeleka kwenye swali jingine mpaka ufike kwenye jina. Utaona jinsi unavyokuuliza mikia, ovari na vijani vile vile ulivyovipima ukiwa umeloa magoti.

Ufunguo ukikufikisha kwenye spishi, usisherehekee bado. Soma maelezo yake yote na ulinganishe mwinuko, makazi na mwezi wa kuchanua. Kimoja kikigoma, rudi kwenye swali ulilojibu kwa kusitasita. Baada ya hapo kuna herbaria, maktaba za mimea iliyokaushwa: iko ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ya Taifa mjini Arusha, na ile ya Afrika Mashariki iliyo kwenye Makumbusho ya Taifa ya Kenya, Nairobi. Sampuli nyingi za zamani kutoka milima ya kusini ziko pia kwenye bustani ya mimea ya Kew, Uingereza, na picha za sampuli nyingi zinapatikana mtandaoni. Ukikuta jina lenye *goetzei* au *goetzeanum*, ni la Walther Goetze, Mjerumani aliyekusanya mimea milima hiyo mwishoni mwa karne ya 19.

Na kama umebaki njia panda kati ya spishi mbili, andika "Disa sp.", yaani spishi ya Disa isiyojulikana bado, na maelezo yako yote. Rekodi ya jenasi iliyo sahihi ina thamani. Jina la spishi lililobahatishwa linaharibu kazi ya atakayekuja baada yako, kwa kuwa litanakiliwa na kunakiliwa tena.

Hatua ya 8: Tangaza ua, ficha mahali

Ukiweka rekodi kwenye iNaturalist, tovuti ya kurekodi mimea na wanyama, au popote, chagua kuficha alama kamili ya mahali. Simu nyingi huandika latitudo na longitudo ndani ya picha yenyewe, kwa hiyo zima kipengele hicho kabla ya kuirusha kwenye kundi la WhatsApp. Andika "Kitulo" na uishie hapo. Usitaje kijito, jiwe wala kona ya barabara. Anayetafuta chikanda anasoma kama wewe. Maelezo kamili wape askari wa hifadhi na herbaria, watu ambao wakijua ua liko wapi, wanalilinda.

Usichomeke kijiti wala kufunga uzi kuweka alama. Kijiti kinaonekana na kila mtu. Chora kwenye daftari: mwamba wenye umbo fulani upande wa kushoto, hatua ishirini kuelekea mlimani.

Kisha rudi. Mwezi mmoja au miwili baada ya maua, ovari zile zitakuwa zimevimba kuwa vidonge vyenye mbegu laini kama vumbi, zinazopeperuka kila upepo unapopita. Hesabu ni maua mangapi yamefunga tunda. Rudi na msimu unaofuata, tarehe zile zile. Okidi ya ardhini inaweza kukaa mwaka mzima chini bila kuchipua na bado iko hai, kwa hiyo mwaka usiolikuta ua lako, andika hilo nalo: tarehe, mahali, halikuonekana.